Auguri Kabla ya Siku

Mdogo wangu mpendwa Donato,

Nakusalimu kwa mapenzi, na natumai barua hii inakukuta mzima huko Ujerumani, na kile kifua hakikusumbui tena. Sisi tumemaliza kuchuma zabibu, watoto wanakula kama mchwa, na mume wangu Vito kanunua trekta kuukuu. Majirani wote wamekuja kumwambia auguri, heri na baraka kwa trekta. Mama alipolisikia likikohoa naye akamwambia auguri, lakini ile ya kejeli, ya mtu aliyejitakia balaa mwenyewe. Tulicheka mpaka Vito akanuna.

Uliandika utakuja Novemba, Mama atakapotimiza miaka sabini. Usingoje Novemba. Njoo Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Siku hiyo tunampa Mama auguri zake, kwa keki na divai na mishumaa yote.

Najua hapo umeshika chuma kukinga nuksi. Mama mdogo Filomena alikamata ufunguo wa mlango akapiga kelele kwamba nimerogwa: bibi harusi huambiwa auguri akishatoka kanisani, mtoto akishazaliwa, na mwenye kutimiza miaka siku yake ikishafika, ukimtangulizia, unamwitia mauti. Akaniuliza, we Ersilia, unataka kuniulia dada yangu? Nikamwambia, kama ni nuksi, mama mdogo, nabeba mimi. Akaondoka hata kahawa hakunywa, na sasa kijiji kizima kinanitazama jicho pembe. Shauri yao.

Sasa nikueleze nililokuficha. Ile homa ya Mama si homa, ni ini. Daktari alinivuta pembeni akaniambia Novemba hataiona. Nilitaka kunyamaza, lakini unamjua Mama. Alinibana jikoni mpaka nikatapika yote. Hakulia. Alimaliza kumenya viazi, kisha akasema miaka sabini ameifanyia kazi kama punda, na auguri zake hataki kuletewa akiwa ndani ya jeneza. Hii karamu ni yake, Donato, si wazo langu. Na Filomena akirudi na nuksi zake, amesema, mwambieni zimechelewa, ugonjwa umeshawahi kiti.

Nalia ninapoandika, lakini nimeamua na sirudi nyuma. Mama ameweka sharti moja tu. Kula tutakula, kunywa tutakunywa, ila hakuna ruhusa ya kumpa auguri kabla yako. Wa kwanza uwe wewe. Kwa hiyo usilete telegramu, na bosi wako akikunyima ruhusa, mwachie kazi yake. Vito atakungoja stesheni.

Msalimie sana mkeo, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu. Chakula kilikuwa hakimpiti kooni, lakini leo amekula supu bakuli zima, anasema anajipa nguvu za kukungoja.

Dada yako akupendaye,
Ersilia