Kibao Tayari, Tabibu Bado

Mpendwa mshauri, Mama Limaye, naomba msaada wako kabla Diwali haijafika, maana ikishafika nitakuwa nimechelewa. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, kwetu ni kijijini karibu na Phaltan, na mwezi uliopita nimemaliza shahada ya Ayurveda, tiba yetu ya jadi ya mitishamba, miaka mitano na nusu, lakini nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwamba sikuisoma. Nilifanya mtihani wa kuingia udaktari wa hospitali mara mbili nikakosa alama, Baba akasema hata huku utaitwa daktari, akaniandikisha katika chuo ambacho wenzangu walikisifu kwa sababu hakiulizi mahudhurio, unaandika jina na kwenda zako, nami nikaenda zangu Pune kwenye masomo ya ziada ili niurudie ule mtihani, nikaurudia mara mbili tena na mara zote mbili nikashindwa, na chuoni nikawa naonekana wakati wa mitihani tu, ambayo tuliipita kwa kukariri majibu ya miaka iliyotangulia, na siku za ukaguzi, ambapo wanakijiji waliletwa kwa trekta wakalazwa vitandani katika hospitali ya chuo ili wawe wagonjwa, nasi tukavaa makoti meupe tukasimama kando yao. Mwenzetu mmoja tu, Vaidehi, alikuwa akihudhuria kila siku, tukimwita Bibi Mizizi, na sasa amechukuliwa na tabibu mmoja mzee wa Satara awe msaidizi wake. Hata mwaka wa mafunzo ya hospitalini kwangu ulipita kwenye karatasi, kwa kuwa nilikuwa katika kliniki ya daktari mmoja mjini nikitundika dripu na kuchoma sindano, maana watu wa kwetu bila dripu hawaamini kwamba wametibiwa.

Sasa Baba, ambaye amestaafu kazi katika kiwanda cha sukari, amegeuza chumba chetu cha mbele kuwa kliniki, kibao kimeandikwa jina langu kwa herufi nyekundu na picha ya mungu wa tiba juu yake, kijiji kizima kimealikwa kwenye ufunguzi siku ya Dhanteras, mwanzo wa Diwali, na zimebaki siku kumi na tisa. Jumapili jamaa walikuja kula, na baada ya chakula Baba akasema, "Haya, bwana daktari, mpime shangazi yako mapigo, watu waone." Shangazi Kausalya ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Nikamshika mkono wa kulia, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikafumba macho kama nilivyoona kwenye televisheni. Jirani yetu Bi Thakubai, bibi wa miaka themanini asiyejua kusoma, akacheka mpaka akapaliwa na tambuu.

"Daktari, huyo amekuwa mwanamume tangu lini?"

"Kwani nimekosea nini, bibi?"

"Mwanamke hupimwa mkono wa kushoto, mwanangu. Kwa vidole vitatu. Tena asubuhi, kabla hajala. Huyu katoka kula mikate mitatu mitamu ya puran, sasa unaipima hiyo mikate."

Walicheka wote, ila Baba alitazama sakafu. Shangazi akasema, "Mwacheni mtoto, hiyo ni mbinu mpya ya chuoni. Mimi namwamini. Hata vidonge vyangu vya kisukari nimeviacha tangu sikukuu ya Ganesh, mwezi sasa, nangoja dawa ya mwanangu mwenyewe." Nami nikanyamaza, ingawa nyayo zinamwaka moto na ana kidonda kidogo kati ya vidole vya mguu. Tangu siku hiyo sina raha. Je, nifungue kliniki na kutumia dripu kama wengine, au niende Kerala kukanda watalii kwa mafuta kwenye mahoteli, au nirudie mtihani mara ya tano? Shahada hii ina mustakabali gani?

Wako, Aliyefedheheka

JIBU

Ndugu Uliyefedheheka,

Weka gazeti hili chini, mchukue shangazi yako umpeleke hospitali ya serikali leo hii. Ukirudi utaendelea kusoma. Akikataa, mwambie, "Shangazi, mimi sijui kutibu. Twende kwa anayejua." Maneno hayo hayahitaji shahada, na umeyakalia tangu Jumapili ili jamaa wasikucheke mara ya pili.

Nina hakika umekwenda, kwa hiyo sasa tuzungumze.

Barua yako ni ndefu na ndani yake mna sentensi moja ambayo nilipumzika mara tatu kabla ya kufika mwisho wake. Mtu anayekwepa jambo huandika hivyo. Kibao ulikieleza mpaka rangi ya herufi. Kidonda cha mama aliyekulea kimepata nusu ya mstari, kikitanguliwa na neno "ingawa". Hukukosa kwa kushika mkono wa kulia. Mkono husahihishwa. Ulikosa pale uliposikia mgonjwa wa kisukari ameacha dawa zake kwa ajili yako, ukaona afadhali kunyamaza kuliko kuaibika.

Wale wanakijiji walioletwa kwa trekta walikuwa wazima waliojifanya wagonjwa mbele ya kijana aliyejifanya tabibu. Mchezo ulikwisha wakaguzi walipoondoka, kila mtu akaenda kwake na miguu yake miwili. Shangazi yako hajifanyi.

Umeniuliza juu ya mustakabali wa shahada hii. Unao, lakini si wako. Wapo wahitimu wanaoajiriwa katika vituo vya afya vijijini, wapo walio katika hospitali za Ayurveda, wapo wanaosimamia utengenezaji wa dawa, na wapo wanaosoma zaidi wakafundisha. Kazi hizi hazitajirishi haraka, tena mwanzoni mshahara ni wa kukusikitisha. Hata hivyo zipo. Bibi Mizizi wenu amepata yake kabla wino wa cheti chake haujakauka. Nilicheka kidogo niliposoma hilo, nawe unisamehe.

Kuhusu Kerala, wasichana na wavulana wa kule wamekulia katika kazi ile. Watakutambua kabla mafuta hayajapoa.

Kuhusu mtihani, umeshindwa mara nne. Mara nne ni jibu.

Kuhusu dripu, hiyo ni chupa ya maji na chumvi, na anayemtundikia kila mwenye uchovu anauza maji ghali. Dawa gani unaruhusiwa kuandika kisheria, kaliulize baraza linalokusajili. Usimuulize daktari aliyekufanya mtundika chupa wake huku akijua ulipaswa kuwa mahali pengine. Wala usije ukaniambia kwamba watu wa kwenu ndio wanaodai dripu. Wanadai kwa sababu kila aliyekutangulia alikuwa na haraka kama wewe.

Baba yako naye ana sehemu yake. Alitaka neno "daktari" mbele ya jina lako, akalipata, na hakuuliza nyuma yake kuna nini. Lakini alitazama sakafu, kwa hiyo ameshaelewa zaidi ya unavyodhani. Kaa naye peke yenu umwambie yote, kuanzia Pune. Atakasirika. Muache akasirike mpaka amalize, usijitetee kwa habari za wenzako.

Ufunguzi haupo. Wageni wamekwisha alikwa, basi waje. Washeni taa, wapeni vyakula vya sikukuu, na kabla hawajaanza kula simama useme kwamba kliniki haitafunguliwa kwa sababu bado hujajua kazi. Utachekwa kwa muda wa Diwali moja. Afadhali hivyo kuliko kuzika watu.

Kisha mwandikie Vaidehi. Anza kwa kumwomba radhi, kwa jina lake halisi, na umuulize kama yule mzee wa Satara anahitaji mtu wa kutwanga mizizi na kufagia. Usitaje cheti chako. Akikukubali, twanga, kaa nyuma ya mzee, tazama anavyouliza maswali, na vitabu ulivyovipita kwa kukariri uvisome upya ukiwa na mgonjwa mbele yako. Mpe mzee huyo miaka miwili. Ukiona ni mingi, kumbuka umekwisha kutupa mitano na nusu bila kulalamika.

Na kila ukija nyumbani likizo, wahi asubuhi kwa Bi Thakubai kabla hajala, umwombe mkono wake wa kushoto. Atakutania. Vumilia, kwa sababu ndiye mwalimu wa kwanza uliyemsikiliza.

Kibao msikichome, kimeshapakwa rangi. Kigeuzeni uso ukutani. Siku bibi huyo atakapokunyooshea mkono mwenyewe, hajaombwa na hacheki, ndipo ukigeuze.

Mama Limaye