Chandarua Chini ya Godoro

Barentu, 3 Oktoba

Kaka Teame,

Kabla ya salamu, nikwambie jambo nisilomwambia mtu, hata padri: chandarua cha Mizan hakijapotea. Nakilalia, kipo chini ya godoro langu.

Sasa, hujambo huko Agordat? Baba mzima, mbuzi wazima. Mimi ni siku ya kumi na tisa tangu tumzike mdogo wetu Mizan, kwa hiyo usiniulize.

Kikosi chenu kilipomaliza kupulizia dawa ya mbu nyumba zetu, shangazi Letekidan alikishusha chandarua akafungia nyasi za punda. "Dawa ya serikali iko ukutani, mbu atapita wapi?" Sikukuu ya Mariamu ikaja, akakandika ukuta upya kwa udongo na samadi. Dawa ikafunikwa. Kisha homa ya Mizan.

Sasa shangazi ana mimba ya miezi sita na anaogopa. Kila jioni: "Azieb mwanangu, nitafutie kile chandarua." Nami namjibu, "Dawa ya serikali iko ukutani, shangazi. Mbu atapita wapi?" Anainamisha kichwa. Kaka, raha ninayoipata siwezi kukueleza.

Nakuandikia Kiarabu cha shule. Shangazi hakijui.

Mdogo wako,
Azieb

Agordat, 11 Oktoba

Mdogo wangu Azieb,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mtundikie shangazi chandarua leo hii!

Yale maneno si yake. Nilikuwa na bomba mgongoni, majirani wakiniita daktari. Akaniuliza, "Teame, na vyandarua je?" Nikacheka: "Shangazi, dawa ya serikali iko ukutani, mbu atapita wapi?" Nilitakiwa pia kumwonya asikandike ukuta. Sikumwonya, nilikuwa nakimbilia pombe ya suwa kwa jirani kabla haijaisha.

Msibani shangazi alinitazama tu. Hakunitaja.

Kaka yako,
Teame

Barentu, 18 Oktoba

Teame,

Afya yako siiulizi.

Shangazi ana homa tangu juzi. Kliniki wamempa dawa. Mtoto bado anacheza tumboni. Nimemtundikia chandarua. Alipapasa mahali kilipochanwa na nyasi nami nikapashona, akauliza, "Kilikuwa wapi?" Nikachomeka pindo chini ya godoro lake.

Siku ya arobaini ya Mizan utakuja. Vaa fulana ya kikosi. Watu wakishakula utasimama uyaseme yale maneno kama ulivyomwambia, na ucheke vilevile. Usipoyasema, barua yako nitaisoma mimi, mimi nisiyewahi kusoma mbele ya darasa bila kulia. Nitaisoma yote, pamoja na suwa.

Shangazi ameamka. Namsikia akivuta ndala, anakuja huku chumbani. Siku zote hapa ndipo ninapoisukuma karatasi chini ya godoro. Leo nimeandika Kitigrinya, lugha anayoisoma, na karatasi iko mezani. Yuko mlangoni.

Shangazi, kama umefika mstari huu: chandarua nilikificha mimi.

Azieb wako