Matanga ya Mtu Mmoja

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Kampala. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe, amezaa salama? Mimi ni mzima, nanenepa kwa matoke.

Dada Nekesa ameniambia ulivyokasirika uliposikia mzungu wangu alitufungia geti, ukasema niache kazi nirudi. Mama, sirudi. Nisikilize kwanza.

Bi. Margaret, mwenye kampuni yetu ya kukausha mananasi hapa Luzira, alifiwa na mama yake Uingereza. Mguu wake uko kwenye plasta, daktari akamkataza kupanda ndege. Basi alikuja kazini na magongo yake, akatupa habari ile kama mtu anayetaja mvua ya jana, akaomba tuendelee na kazi. Nilishtuka. Kwetu aliyefiwa hata chai hajipikii.

Mimi ndiye msimamizi wa wafanyakazi, nikaona jambo hili ni langu. Jumamosi nikawakusanya, tukabeba sukari, maziwa na unga, maana mkono mtupu haulambwi, tukapanda hadi kwake Naguru bila kupiga simu. Nani hupiga simu akienda matangani? Tukaanza wimbo pale getini. Akatoka, uso umemwiva. Akatushukuru, akasema sisi ni watu wema, lakini angependa kuwa peke yake. Akafunga. Tukabaki barabarani na mizigo yetu, majirani wakichungulia. Zubeda, mwenzangu Mnubi wa kupakia maboksi, akasema huyo mama hana moyo na hakanyagi tena pale. Mimi nililia njia nzima.

Lakini unanijua, jambo nisilolielewa haliniachi. Jumatatu niliingia ofisini kwake nikamuuliza waziwazi: kwenu mtu akifiwa, watu humfanyia nini? Akanieleza. Kwao humwandikia kadi yenye maneno machache, humpelekea maua, halafu humwachia nafasi. Kumwendea bila taarifa ni kama kumfumania mtu bafuni. Amelelewa kujikaza mbele za watu, na kwake kumwacha mtu alie faraghani ndiyo heshima yenyewe. Kumbe alidhani tumekuja kumtazama akilia! Nikamwambia kwetu anayeachwa alie peke yake ni yule asiye na watu. Hilo hakuwahi kulisikia. Mimi nikaomba radhi kwa kumvamia, yeye akaomba radhi kwa geti.

Kumbe mazishi yangefanyika Ijumaa ya wiki ile, naye angeyatazama nyumbani kwenye kompyuta. Akaniomba niende, ila peke yangu, na nisiseme kitu. Mimi, Mama, nisiseme kitu! Nilikaa kando yake nimebana midomo mpaka taya zikauma. Kule kanisani watu walikuwa wachache, kimya, kila mmoja na kiti chake. Jeneza likatoka, picha ikazimika. Hakulia. Nikampikia chai, akaishika bila kuinywa.

Kisha akasema, "Ule wimbo wenu wa getini. Hamkuumaliza."

Nikauimba. Kufika ubeti wa pili, Bi. Margaret alilia, akanishika mkono, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Nami nilikaa kimya nilipotakiwa kukaa kimya. Hiyo nimejifunza kwake, na nitajifunza mengine, wala simwachi katika hali hii.

Nisalimie mjomba wangu wa dukani, shangazi aliyenilea nikiwa mdogo, na mashemeji wote. Mwambie Nekesa apunguze umbea, ila namshukuru.

Jambo la mwisho. Nilimwambia Bi. Margaret kwamba kwetu aliyefiwa na mama hutafutiwa mwingine. Akaniuliza jina lako. Kwa hiyo Krismasi nakuja naye. Pika chai, mtandikie kitanda changu. Majirani usiwaite, Mama. Waje baadaye, mmoja mmoja, na akianza kulia, mwache kwanza, halafu umwimbie.

Akupendaye daima,
binti yako Nafula