Nadharia Uliyonichagulia

Mjomba,

Mahindi uliyoyaacha yakifika magotini yamevunwa yote. Mkeo, Mama Lusia, aliuza ng'ombe mmoja tu, yule mweusi mwenye kiburi, na wengine wako salama. Mama yangu bado akiamka asubuhi hapa Kanduyi anasema atakuja Kitale kumwona kaka yake, kisha anakumbuka, anakaa.

Nakuandikia kwa sababu siku ya mazishi nilikataa kuzungumza. Wenzako wa chuo kikuu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema ulikuwa mwalimu asiyebagua. Mwendesha ratiba akaita, "Sasa tumsikie Nafula, mpwa wake, aliyemfundisha kama mtoto wake wa kumzaa." Mama akanifinya mkono. Sikuinuka. Watu wakadhani ni uchungu wa msiba. Haukuwa wa msiba, Mjomba.

Unaikumbuka likizo ile nilipomaliza mwaka wa kwanza, pale chuoni ulikofundisha? Chuo kilitutaka tuchague: upande wa nadharia ya kompyuta, au upande wa kuandika programu. Nilikuja kwako kuuliza, maana katika ukoo wetu wote ni wewe peke yako uliyejua tofauti. Tulikuwa barazani tukipukuchua mahindi. Ukachukua kipande cha makaa, ukachora sakafuni maduara matatu yaliyounganishwa kwa mishale, ukaweka punje moja ndani ya duara la kwanza.

"Hii ni mashine," ukasema. "Haihitaji umeme."

Ukaisogeza punje kutoka duara hadi duara, ukinieleza jinsi mashine inavyosoma neno herufi kwa herufi, mpaka ifikie kulikubali au kulikataa. Mama Lusia akapita na kutuuliza kama tumerudi utotoni. Mimi nilikuwa nimeshatekwa.

"Nafula, programu utajifunza kazini kwa mwezi mmoja. Lakini hii usipoisoma sasa, hutaisoma tena maishani."

Nilikuamini. Sikuuliza mtu mwingine.

Na sitakudanganya, niliipenda. Darasani nilikuwa msichana peke yangu. Siku tuliyothibitisha kwamba kuna maswali ambayo hakuna mashine yoyote itakayoyajibu kamwe, hata ikipewa muda wa dunia nzima, nilitoka nje nikaketi kwenye nyasi, nikashindwa kula chakula cha mchana. Wenzangu wa upande wa pili walikuwa wakipanga foleni kwenye chumba cha mashine, wakigombania zamu. Mimi sikupanga foleni. Ulisema itatosha mwezi mmoja.

Nikafaulu vizuri. Wewe mwenyewe ulikuja Kanduyi ukamwambia Mama, "Dada, huyu mtoto wako ana kichwa." Mama alilia.

Halafu nikaitwa intavyu Kitale, kwenye kampuni ya kununua nafaka. Walinikalisha mbele ya kompyuta, wakaniambia niandike programu ndogo ya kupanga majina ya wakulima kwa alfabeti. Mjomba, nilijua njia nyingi za kupanga majina. Ningeweza kuwathibitishia ni ipi iliyo ya haraka na kwa nini. Lakini ile mashine ilikataa kila mstari niliouandika. Nilikuwa natafuta herufi kwa kidole kimoja. Jasho lilinitoka hadi mgongoni. Yule bwana aliyekuwa akinisimamia alitazama dirishani, kwa huruma nadhani, ili asinione.

"Asante, dada. Tutakuita."

Hawakuniita. Bungoma nako, kwenye kiwanda kimoja, ikawa hivyo hivyo. Nikaanza kufundisha hesabu kama mwalimu wa muda katika shule ya hapa karibu. Sokoni nilisikia, "Si huyu ndiye alisomea kompyuta? Ati sasa anafunza hesabu, bana!"

Hilo ningelivumilia. Nilijilaumu mwenyewe, nikasema labda mimi ni mzito.

Lakini nilirudi kwenye ile kampuni ya nafaka kuulizia kama kuna nafasi nyingine. Nikafungua mlango, na mbele ya mashine ileile iliyonikataa ameketi Lusia. Binti yako. Aliruka akanikumbatia.

"Dada! Kumbe Baba hakukuambia nimeajiriwa?"

Hukuniambia. Hukuniambia pia kwamba ulimpeleka Nairobi kusomea programu, wakati uleule ulipokuwa ukinichorea maduara sakafuni. Nilijua yuko Nairobi. Ulisema ni ukarani. Lusia alinisimulia akicheka, hana habari ya kisu anachonichoma: alikuwa amekulilia umruhusu asome nadharia kama mimi, ukakataa. "Baba aliniambia nadharia haitanilisha."

Haitamlisha yeye. Mimi je?

Nilikuja kwako siku hiyohiyo. Nikakukuta zizini, nikakuuliza nikiwa nimesimama. Ukasema, "Lusia nilimtafutia kazi. Wewe nilitaka ufike pale mimi niliposhindwa kufika."

Nilijua ulichokuwa ukizungumzia. Masomo yako ya ng'ambo, yale uliyorudi kabla ya kuyamaliza, ambayo nyumbani kwako hayatajwi. Kumbe ulikuwa umenipanda mimi ili niyamalize badala yako.

Nikakuuliza, "Na mimi ni mtoto wa nani?"

Ukageukia ng'ombe wako. Mama Lusia aliniwekea chai, nikaondoka bila kuinywa. Tangu nizaliwe sikuwahi kutoka kwako bila kunywa chai.

Kisha ukapatwa na kiharusi. Hospitalini ulinishika mkono, ukajaribu kusema, mdomo ukakataa. Mama anasema ulikuwa ukiomba msamaha. Mama hajui. Labda ulikuwa ukiomba maji. Umeniachia swali, nami sina wa kumuuliza.

Baada ya mazishi, Lusia alikuja Kanduyi. Alikuwa ameshajua yote. Hakukutetea. Alisema tu, "Dada, mimi nilinyimwa yako, wewe ukanyimwa yangu. Njoo ofisini Jumamosi." Basi nimekuwa nikienda. Yeye ananionyesha kuandika programu, mimi namfundisha zile thibitisho. Ni mwepesi, Mjomba. Ulidhani hangeiweza nadharia? Anaiweza. Anauliza maswali ambayo mimi sikuyauliza darasani.

Siku programu yangu ya kwanza ilipokubali, majina ya wakulima yakajipanga kwenye kioo kuanzia Barasa hadi Wekesa, Lusia alipiga makofi. Mimi nilitoka nje kulia. Ilikuwa imenichukua kama mwezi mmoja hivi. Ulisema kweli. Na hapo ndipo panaponiuma kuliko pote, maana ufunguo wa chumba cha mashine chuoni ulikuwa mfukoni mwako. Mwezi huo ungenipa wewe.

Mwezi ujao naanza kazi kwenye chuo kipya cha kompyuta hapa Bungoma. Mkuu wa chuo anataka wanafunzi wafundishwe programu tu, nadharia ati ni kupoteza wakati. Tumeshagombana. Nimemwambia nitafundisha zote mbili au nisifundishe. Amekubali kwa shingo upande.

Nakuahidi hivi: mwanafunzi akinijia kuuliza achague nini, nitamwambia kile ambacho ningemwambia mtoto wangu. Na Lusia ataingia chuo kikuu. Fomu ameshachukua, Mama Lusia amekubali.

Mama ananisihi kila Jumapili tukitoka kanisani, niseme tu nimekusamehe, yatosha. Siwezi kulisema neno hilo kabla halijafika moyoni. Lala salama, Mjomba. Siku litakapofika nitapanda gari la Kitale nije kukuambia mwenyewe, sitamtuma Mama.

Mpwa wako,
Nafula