Bingwa wa Pango la Nne

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, Jangwani maji yamejaa, na mimi nachapa haya kwa mkono wa kushoto ndani ya intaneti kafe ya Mchafukoge. Kifundo cha mkono wa kulia kimeteguka.

Nimempiga kaka yangu.

Nassoro alirudi Jumanne kutoka Maskati, baada ya miaka sita. Alileta magemu mawili ya mkononi, moja lake, moja langu, yote yana kaseti mpya ya ule mchezo wa kukamata mazimwi na kuyapiganisha. Utotoni tulikuwa na gemu moja tu, la kugombania. Zimwi lake likizimia mikononi mwangu, nilikula kofi. Siku moja alinipasua mdomo, na mama akasema kaka yangu ananifunza.

Safari hii aliniambia huku anacheka, "Tuanze pamoja, tuone nani atatangulia."

Kaseti inauliza mwanzoni: wewe mgeni, au umewahi kucheza? Ukisema umewahi, inakukazia. Sote wawili tulisema tumewahi.

Siku mbili za kwanza alipeta. Alicheza mtindo wake wa zamani: zimwi moja la moto ndilo linalopigana kila mara, mengine yamekaa tu. Zamani hiyo ilitosha. Sasa mabingwa wanaolinda mapango ya mchezo wanapanda nguvu kadiri unavyopanda wewe, na wakiona moto wanatoa zimwi la maji. Bingwa wa pango la nne alimtoa mara saba. Kaka akawa anapiga ngumi mto, halafu ukuta.

Mimi nililea mazimwi sita, dhaifu dhaifu, taratibu. Jana nikampita yule bingwa. Sikumwambia. Niliogopa, mtu mzima wa miaka ishirini na minne.

Leo mchana, dukani kwetu Kariakoo, wateja hakuna kwa ajili ya mvua, akaliokota gemu langu juu ya kaunta.

"Umempita?"

"Nimempita, kaka."

"Nani kakuonyesha?"

Kofi likatua kabla sijajibu.

Nilishika rula ya chuma ya kupimia vitambaa. Pigo la kwanza lilimpata kiganjani, mkono ukiwa unarudi tena usoni kwangu. La pili begani. Hapo akasogea nyuma, akainua mikono yote miwili. "Basi, Zuhura, basi."

Nikampiga la tatu, hadi kifundo changu kikateguka. Sikio likachanika, damu ikarukia majora ya khanga.

Lile la tatu lilikuwa tamu.

Mama alishuka ngazi mbio. "Unataka kumuua kaka yako?"

"Miaka yote alipokuwa ananipiga mimi, mama, ulikuwa wapi?"

Alimfunga sikio kwa mtandio wake, wakaenda zahanati. Ameshonwa nyuzi tano.

Alasiri nilimpelekea chai. Nilipoinua mkono kumpa kikombe, alijikinga uso kwa kiwiko. Mtu na ndevu zake! Nikafurahi. Kisha nikaona aibu kwa kufurahi, nikabaki nimesimama pale chai inanichoma vidole.

Akasema, bila kuniangalia, "Yule bingwa. Ulimpitaje?"

Niliweka kikombe sakafuni, nikatoka.

Kesho nitakaa naye nimwonyeshe. Na nitamwomba radhi kwa pigo la tatu.

Yale mawili ya kwanza, hapana.