Mtani Haombwi Radhi

Chang'ombe,
Dodoma.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Elisante,

Salamu nyingi zikufikie hapo Lubumbashi. U hali gani? Kifua kimepona, au bado unakohoa usiku kucha na kusema ni mafua tu? Huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Mvua zimetuchezea kama kawaida yake: uwele wa Mvumi umesimama, mahindi yamenyauka.

Najua unashangaa kuletewa karatasi kama enzi za babu. Sasa ulitaka nifanyeje? Kwenye grupu la familia umejitoa, namba yangu umeifungia, simu ya mama hupokei. Gaudence anapakia mzigo kwenye lori lake kesho kuja huko, nami nimemwapisha asiondoke gereji kwenu mpaka uisome barua hii mbele yake. Karatasi haina kitufe cha kunifungia.

Ndugu yetu Denis tulimpumzisha vizuri, ubavuni mwa baba yake, baba mdogo. Mtu mliyekula naye sahani moja na kuanza kuchana mistari pamoja mkigonga ndoo za mama hadi zikapasuka, najua inavyouma kumzika kwa kuangalia simu. Mashabiki walijaa, fulana nyeusi zimeandikwa VUMBI, jina lake la rapu, kifuani, wengine wanafunzi wa chuo ambao Mvumi walikuwa hawajawahi hata kuisikia. Walilia kweli, siwezi kuwasema kwa hilo.

Ila nyimbo wanazotoa sasa, Mungu anisamehe! Kila mwenye simu na kofia ametoa wimbo wa kumlilia Vumbi. Denis aliimba foleni ya maji, zabibu zilizokosa mnunuzi, makarani wa wizara wanaokopa nauli. Hawa wanaimba malaika na mawingu, sauti imepitishwa kwenye kompyuta mpaka inalia kama mbuzi aliyekwama kwenye miiba. Mmoja anajiita Nyundo Kijana. Ndani ya wimbo kajitaja yeye mara nyingi kuliko marehemu. Anasema eti alimshika mkono Denis akikata roho. Aliyemshika ni mimi, na Nyundo sikumwona!

Kijiweni nako wanagombana nani sasa arithi kiti cha rapu Dodoma. Kaburi halijakauka. Nimepita pale na ndoo yangu kichwani, wakaniuliza mimi kama dada wa marehemu nampa nani. Niliwajibu jibu ambalo mchungaji asilisikie.

Sasa tuje kwako, maana wao ni wageni na wewe ni mwenyeji.

Ile video ya jirani yetu Mama Gerson uliiona. Jeneza limefika makaburini, yeye akalivamia, akapanda juu ya lundo la udongo, khanga kiunoni, akaanza:

"Vumbi umelala, jembe limesimama,
umekufa makusudi, umekwepa kulima!
Huko uendako usiombeombe watu,
useme nasi kwetu tunazo zabibu zetu!"

Wale vijana waliokulia mjini wakapigwa na butwaa. Wakaanza kupiga kelele kwamba mama huyu anamdisi marehemu, mmoja akamvuta khanga. Kufika jioni video imezagaa, wanamtukana na kuuliza ametumwa na msanii gani. Hao nawasamehe, hawajui. Lakini wewe, Elisante? Mgogo wa Mvumi, mtoto wa mama yangu, hujui kwamba Mhehe ni mtani wetu? Msiba gani wa kwetu umewahi kuuona bila mtani kumsimanga maiti? Alipokufa babu, si mtani aliyevaa koti lake na kutembea kama yeye, na wewe ukacheka mpaka ukajikojolea?

Ukashika simu, ukarekodi sauti. "Huyo mchawi asikanyage tena kwetu." Ukaitupa grupuni, na ulisahau kwamba mama alimwingiza Mama Gerson humo zamani. Alikuwa jikoni anakaanga vitumbua, wateja wamemzunguka, akabonyeza akidhani umetuma salamu za rambirambi. Wote walisikia.

Kuna jambo hukulijua, na hukunipa nafasi ya kukwambia. Wiki ile ya mwisho Mama Gerson alimpelekea Denis uji wodini. Denis akamwambia, "Mtani, nikiondoka usinilie. Watakaolia wapo wengi. Wewe nichane." Mama wa watu akadhani anataka kuchanwa nywele, akaanza kupekua mkoba kutafuta kitana! Denis alicheka hadi muuguzi akaja kututuliza. Ndipo akamweleza kwamba kuchana ni kumtupia mtu mistari bila huruma. Basi kila asubuhi nilimsikia dirishani akijaribu vina vyake huku mafuta yanachemka, anakosea, anaanza upya. Elisante, katika nyimbo zote zilizotoka tangu kifo, ni ule wake tu ambao Denis yumo ndani.

Najua humchukii yule mama. Unaumia kwa sababu hukuwepo. Hata mimi naumia. Lakini hasira yako umempelekea asiyehusika.

Na sasa sikiliza ulichokifanya. Unakumbuka anavyopita kila asubuhi mlangoni kwetu akimwita mama: "Wewe Mgogo, bado hujafa? Nimechoka kutunza sanda yako!" Na mama anamjibu afunge mdomo, mbwa wote wa mtaa wamejificha kwa kuisikia sauti ya Mhehe. Tangu aisikie sauti yako ile hapiti. Jana alipita. Akasimama, akakunja mikono, akasema, "Habari za asubuhi, mama Elisante. Nyumbani hamjambo?" Akaenda zake taratibu. Mama akaingia ndani, akalia kuliko alivyolia kaburini.

Arobaini imekaribia, na mama amesema haiwezi kufanyika bila mtani. Kwa hiyo fungua simu, umpigie. Wala usimwambie samahani! Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemfanya mgeni. Mchane. Ulikuwa unachana na Denis, mistari haijakuishia. Mtukane yeye, Iringa yake na vitumbua vyake vibichi, vina vikae sawa, ili naye apate cha kukujibu.

Nurdini wa dukani anakusalimu, mjomba Zablon na mama mdogo Lea pia. Mama anasema ule, na uvae sweta.

Mungu akufunike huko ugenini na akurudishie akili zako salama. Ni mimi dada yako, ninayekupenda ingawa wiki hii kwa shida sana,

Edina