Injini Kubwa ya Tamimu

Siti, shangazi kanisimulia sasa hivi, bado siamini.

Mwaka 1974 babu Kasian, mwalimu wa Kibondo, alikwenda Kasulu kununua gari la michezo lililotumika. Tamimu mwenye duka alikuwa nayo mawili, la cc 1600 na la cc 2000. Bei ileile.

Babu akauliza, "Mbona kubwa halizidi bei?"

"Nakupenda tu, Mwalimu."

Nakupenda tu! Babu akafungua boneti ya lile kubwa. Namba ya injini ilikuwa imekwanguliwa kwa tupa.

Akachukua dogo, akanyamaza.

Kubwa akalinunua rafiki yake Laurent. Polisi wakalikamata Kitahana, kumbe la wizi, wakamweka Laurent ndani.

Siti, babu alimpelekea Laurent chakula mahabusu kila siku, na hakumwambia kwamba alijua.